Vya Kurithi na Vya Kuagiza

Julai 1958 Julius Nyerere alipandishwa kizimbani Dar es Salaam kwa sababu ya maneno aliyoyaandika. Yalikuwa katika Sauti ya TANU, kijarida cha chama chake kilichochapwa kwa mashine ya kurudufia na kupitishwa mkono kwa mkono. Humo aliwashutumu mabwana DC wawili kwamba wanawaonea raia na kuwaandama wana-TANU katika wilaya zao. Alitetewa na D. N. Pritt, wakili Mwingereza aliyekuwa amemtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria. Mahakama ikamtia hatiani kwa kashfa ya jinai: alipe shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Faini ikalipwa, maana uchaguzi ulikuwa umekaribia na chama kilimhitaji kiongozi wake akiwa nje.

Kesi hiyo husimuliwa kama ukurasa mmoja wa harakati za uhuru, na inastahili. Kwangu ina uzito mwingine. Bendera ya Mwingereza ilishushwa Desemba 1961, mabwana DC wakafunga virago, lakini kosa lenyewe lilibaki. Mwaka 1976 Bunge lilipotunga Sheria ya Magazeti, namba 3 ya mwaka huo, kashfa ya jinai iliwekwa humo, na uchochezi pamoja nayo, na juu yake waziri akapewa mamlaka ya kulifungia gazeti kila atakapoona maslahi ya umma yanataka hivyo. Rais aliyeitia saini ni yule yule aliyelipishwa faini. Nimeisoma sheria ile mara nyingi nikiitafuta Tanzania ndani yake. Ninachokikuta ni sentensi za kikoloni, ila palipokuwa na Mfalme pamewekwa Jamhuri ya Muungano.

Asili ya kosa la uchochezi katika nchi zetu iko ng'ambo ya bahari. Mwaka 1870 watawala wa Kiingereza waliliingiza katika Kanuni ya Adhabu ya India, na kwa kosa hilo wakawafunga wapigania uhuru Tilak mwaka 1897 na Gandhi mwaka 1922. Kanuni hiyo ya India ndiyo waliyokuja nayo Afrika Mashariki, mpaka 1930 Kenya na Tanganyika zilipotungiwa kanuni zao, ambazo nazo zikaweka uchochezi kwa maana ile ile: nia ya kuwafanya watu waichukie au waidharau serikali. Unguja, mwaka 1954, viongozi wa Chama cha Waarabu walitiwa hatiani kwa makala za gazeti lao la Al-Falaq. Dar es Salaam, wahariri wa Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashid Baghdelleh, wakafungwa kwa kosa hilo hilo katika miaka ya mwisho ya ukoloni.

Tazama kosa hili linauliza nini. Haliulizi kama ulichokiandika ni kweli. Linauliza kama mtawala atachukiwa kwa ajili yake. Kwa gavana aliyeletwa na meli, asiyepigiwa kura na mtu yeyote, hilo ni swali la kufa na kupona: akichukiwa hana pa kuegemea. Serikali iliyochaguliwa ina njia nyingine ya kujua kama inachukiwa, na njia hiyo hurudi kila baada ya miaka mitano.

Sisemi kwamba waliotunga sheria ya 1976 walikuwa watu wabaya, au kwamba hawakujali uhuru wa nchi. Walijali sana. Mwaka huo huo wa 1976 waliunda SHIHATA, Shirika la Habari Tanzania, kwa sababu walichoka kuona habari za jirani zetu zikitufikia kwa kuzunguka London. Miaka 6 kabla yake walikuwa wamelitaifisha gazeti la The Standard kutoka mikononi mwa kampuni ya Lonrho. Walimjua mgeni aliyemiliki mtambo wa kuchapia, walimjua mgeni aliyepeleka habari kwa waya, na wote wawili wakapambana nao. Mgeni wa tatu alikuwa amekaa ndani ya vitabu vya sheria, naye wakampa uraia. SHIHATA ilikuja kuvunjwa. Vifungu vile vimedumu kuliko shirika lililoundwa mwaka mmoja navyo.

Anayevitetea vifungu hivi hutaja Rwanda, na lazima ajibiwe kwa heshima, maana hofu yake ni ya kweli. Redio ya RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993, na mwaka uliofuata ikawa inawataja watu kwa majina na mahali walipo ili wauawe. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani Desemba 2003 waasisi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Lakini RTLM ilikuwa mtoto wa nani? Iliasisiwa na watu wa karibu na utawala wa Rais Habyarimana. Haikumdhihaki mtawala hata kidogo, ilimtumikia. Ni kweli kwamba maelezo ya uchochezi tuliyorithi yana kipengele kinachogusa chuki baina ya makundi ya watu, ila anayeamua kufungua kesi ni serikali, na serikali haimshtaki anayeipigia ngoma. Wenzetu wale waliokufa walikuwa raia wa kawaida. Sheria inayoanza kwa kumlinda mkubwa asidharauliwe haikuandikwa kwa ajili yao. Anayetaka kweli kuzuia redio ya mauaji aandike kosa la kuhimiza mauaji, alitaje waziwazi, na aiache dharau kwa serikali iwe jambo la siasa.

Ni Arusha hiyo hiyo ambako jambo hili lilirudi tena. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 iliifuta ile ya 1976, na uchochezi ukahamia humo. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ikasema vifungu kadhaa vya sheria hiyo mpya, vikiwemo vya uchochezi na kashfa ya jinai, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Marekebisho ya 2023 yalipunguza makali kiasi. Hata hivyo mwandishi wa habari wa Tanzania anayekaa leo kuandika habari ya mkubwa anajua, kabla hajaanza sentensi ya kwanza, kwamba kuna neno limemkalia begani.

Sheria haionekani sebuleni. Televisheni inaonekana, ndiyo maana lawama zote za utamaduni huangukia huko. Mhubiri akipanda mimbari, mbunge akisimama, mzazi akikata tamaa na bintiye, utasikia habari ya tamthilia za kigeni. Nami nina malalamiko yangu juu ya tamthilia hizo, nitayasema. Lakini kwanza ikumbukwe kwamba Tanzania Bara iliwahi kujaribu dawa kali kuliko zote, yaani kukaa bila televisheni kabisa. Unguja ilikuwa na yake tangu mapema miaka ya 1970, na inahesabiwa kuwa ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara. Bara tulisubiri hadi 1994, vituo vya watu binafsi kama ITV vilipofunguliwa, na televisheni ya taifa ikaja baada yao. Miaka ile yote ya kujizuia, waliokuwa na seti huku Dar walielekeza antena zao Unguja.

Kipindi hicho kirefu kilikuwa nafasi ya dhahabu ya kujifunza kutengeneza picha zetu kabla za wengine hazijafika. Kwa nini hatukukitumia? Fedha hazikuwepo, ni kweli, na vifaa vilikuwa ghali. Ila kuna sababu nyingine isiyotajwa sana. Iliyofuata Sheria ya Magazeti mwaka ule wa 1976 ilikuwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, namba 4. Hiyo ilimtaka anayekusudia kupiga filamu ya kuonyeshwa hadharani aombe kibali kwanza, akieleza ndani ya maombi yake filamu itaonyesha nini. Nayo ilikuwa na mababu wa kikoloni, walioogopa Mwafrika aone nini kwenye kitambaa cheupe. Basi pima mizani ilivyokaa. Tamthilia ya Mexico au ya Afrika Kusini inafika ikiwa imekamilika, imelipiwa, imewekwa kwenye kaseti, inaulizwa tu kama kuna busu la kukata. Kijana wa Tandale mwenye hadithi ya mtaa wake anaulizwa kabla hajawasha kamera: polisi katika hadithi yako ni mtu wa namna gani? Diwani anakula rushwa? Akitaka amani anaandika hadithi ya mapenzi, mchawi na mama wa kambo. Halafu tunamlaumu kwamba filamu za nyumbani hazina kina, na tunawasha tamthilia ya Afrika Kusini.

Hapa ndipo ninapoona vya kurithi na vya kuagiza vinashikana mikono. Sheria tuliyorithi inambana msimulizi wa nyumbani, na pengo analoliacha linajazwa na chombo kinachokuja na meli.

Hata hivyo, wakati dola limeyaacha maneno ya Mwingereza kama yalivyo, wananchi hawakuziacha picha za kigeni kama zilivyo. Ambao hawakuwahi kuingia kwenye kibanda umiza wanaweza wasinielewe. Chumba cha mabati au makuti, mabenchi ya mbao, joto la kukamua shati, televisheni moja imeinuliwa juu ya meza iliyofungiwa kwa waya ili isiibwe. Nje kuna ubao umeandikwa kwa chaki picha za siku hiyo: ya Kichina, ya Kihindi, ya Kimarekani. Kiingilio ni sarafu. Mkanda unawekwa, na sauti inayosikika si ya waigizaji. Ni ya mtafsiri. Mwanzoni alikaa mle mle ndani na maiki, baadaye sauti yake ikaja imerekodiwa juu ya mkanda. Mashuhuri kuliko wote huku kwetu alikuwa Derek Mukandala, tuliyemjua kwa jina la Lufufu. Kenya wana DJ Afro, na Uganda wana watu wao wa kazi hiyo, wakiifanya kwa Kiganda.

Mtafsiri hakufuata maneno ya picha neno kwa neno, na asingetaka. Alitutambulisha steringi ni nani, baba yake alidhulumiwa nini, jambazi huyu ana undugu gani na yule. Kichochoro cha Hong Kong alikifananisha na Manzese ya Dar. Mzee wa kung fu akimkanya mwanafunzi wake, mtafsiri alimpa maneno ambayo babu yeyote wa kwetu angeyasema. Pale mwigizaji wa kike aliponyamaza na kutazama dirishani kwa dakika nzima, yeye alitueleza anawaza nini, na benchi zima likaguna kwa huruma. Wenye picha huko Hong Kong na Mumbai hawakuombwa ruhusa wala hawakulipwa, na hilo lina ubaya wake. Lakini kama kazi ya fikra ilikuwa kubwa. Mtu asiyekuwa na kamera, studio wala kibali alichukua kitu cha kigeni kilichokamilika na akakijibu kwa sauti kubwa zaidi ya kile chenyewe.

Redio nayo ilikuwa na namna yake. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa redio uliomfanya dereva wa malori aitwaye Mkwaju awe mtu wa kujadiliwa kila baraza. Alikuwa na wanawake njia nzima, na wasikilizaji walijua mwisho wake utakuwa mbaya kabla yeye mwenyewe hajajua. Mbinu ya mchezo ule ilitoka Mexico, kwa Miguel Sabido, mtu wa televisheni aliyegundua jinsi tamthilia ndefu inavyoweza kumfundisha mtazamaji kwa kumwonyesha mwema, mbaya na anayeyumba katikati. Kenya walikuwa wamekwisha kuitumia katika Ushikwapo Shikamana. Ninaitaja kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Mkwaju ni mgeni. Aliandikwa na watu waliozijua barabara zetu na vituo vya malori. Mbinu ya kuagiza ilipewa waandishi wa hapa wakapewa na uhuru wa kuijaza, na ikawa yetu.

Kisha wakaja Wachina. Mwaka 2011 TBC, televisheni ya taifa, ilionyesha tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake, imeingizwa sauti za Kiswahili, na Machi 2013 Rais Xi Jinping akiwa Dar es Salaam akaitaja katika hotuba yake mbele ya viongozi wetu. Rais wa taifa kubwa hataji tamthilia ya mama mkwe bila sababu. Serikali yake ilijua inachokifanya. Niseme pia nilichokiona: majirani zangu waliokuwa hawajawahi kumfikiria Mchina ila kama mjenga barabara, walimwona akigombana na mkwewe kuhusu mtoto na jikoni, kwa Kiswahili. Walicheka pale pale ambapo wangemcheka shangazi. Siwezi kuita jambo hilo hasara.

Hasara yangu iko penye tamthilia nyingine. Azam walipoleta Sultan, ile ya Kituruki ya kasri la Sultani Suleiman, mitaa ilitulia jioni. Wanawake walijua vita vya Hurrem hatua kwa hatua: alivyoletwa mtumwa, alivyopendwa, alivyopanda. Nilikaa na ndugu zangu Unguja wakiitazama, na nilichokiwaza ni Mtoni, ambako magofu ya kasri la Sayyid Said yangalipo. Pale mwaka 1844 alizaliwa bintiye Salme, mama yake akiwa suria wa Kisirkasi aliyeletwa kutoka mbali. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akampenda mfanyabiashara wa Kijerumani, akatoroka, akabatizwa Aden na kuitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Masuria, watoto wa kiume wanaogombea kiti, mtumwa aliyepanda daraja, mtumwa aliyezikwa bila jina: yote yapo, kilomita chache kutoka sebule ile. Tunayatazama ya Istanbul kwa sababu Waturuki waliruhusiwa kuigeuza historia yao kuwa mchezo, hata palipowaumiza wakubwa wao na wakalalamika. Kwetu anayeigusa historia ya Unguja kwa mkono mzito anajua atakayopambana nayo.

Nimesema nina malalamiko, na hili ndilo la pili. Tamthilia tunaweza kuijibu. Mwenye king'amuzi hatumjibu. Usambazaji wa matangazo ya dijitali nchini uliwekwa kwa sehemu kubwa katika ubia wa TBC na StarTimes, hisa nyingi zikiwa za Wachina, na mitambo ya analojia ya Dar ilipozimwa mwisho wa Desemba 2012 familia zilinunua king'amuzi au zikatazama giza. Mkataba wa jambo kubwa namna hiyo ulistahili kujadiliwa magazetini ukurasa kwa ukurasa. Mwaka 2025 MultiChoice ya Afrika Kusini, yenye chaneli za Maisha Magic zinazolisha waigizaji wengi wa Tanzania na Kenya, ilichukuliwa na Canal+ ya Ufaransa. Uamuzi wa tamthilia gani ya Kiswahili iendelee na ipi ife sasa unaweza kufikia meza iliyoko Paris. Nani atayachimba mambo haya na kuyaandika? Mwandishi wa habari. Yule yule mwenye neno limemkalia begani.

Kenya iliufuta uchochezi katika sheria zake mwaka 1997, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Nairobi ikabatilisha kashfa ya jinai. Mahakama ya Katiba ya Uganda iliubatilisha uchochezi mwaka 2010. Uingereza, iliyotuletea makosa hayo mawili, iliyafuta yote kwao kwa sheria ya mwaka 2009. Ninyi wabunge wetu mna kila sababu ya kufanya vivyo hivyo, na hakuna anayewazuia. Ufuteni uchochezi, na mwacheni msimulizi wa hapa awashe kamera bila kuiombea kibali hadithi yake, kabla hamjasimama tena kuzilalamikia tamthilia za kigeni.